Tuliomba kazi ya kufundisha Kiingereza Asia kama mke na mume, kumbe tulikuwa mwalimu mmoja

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za huko mliko.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka. Nacheka na nyuzi zenu halafu naondoka kimya. Leo nimeona mtu kauliza kama wanandoa wanaweza kupata kazi ya kufundisha Kiingereza nje na wakaenda pamoja, na majibu yote yametoka kwa watu waliosikia kwa watu.

Sisi tumepitia. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Jina la mume wangu nimelibadilisha maana naye yumo humu na ana heshima zake jukwaa la michezo.

Mniwie radhi kwa Kiswahili changu. Mimi ni wa Goma, Kongo. Mkiona neno limekaa upande, mjue limetoka kwetu.

Halafu jambo moja la kunihusu: mimi ni mtu wa kuuliza. Mume wangu ananiita Ankete, yaani uchunguzi, kama ule wa polisi. Kitu nisipokielewa silali vizuri.

Twende.

Familia yetu ni ya Butembo. Baba ni mfanyabiashara wa kupeleka na kuleta mali Uganda, na kama wazee wengi wa Butembo, alinipeleka bweni Kasese, Uganda, nikiwa mdogo ili nyumbani apatikane angalau mmoja anayejua Kiingereza wa kumsaidia mpakani. Huko ndiko nilikopata Kiingereza. Baadaye nikaja Goma kusoma ualimu, nikabaki.

Katikati hapo kuna siku tulikimbia vita na nikapotezana na mama njiani. Yeye alirudi kumchukua bibi, akaniambia nitangulie na majirani, angenifuata. Ilichukua miaka kumpata. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo mtu wangu akienda mahali bila mimi, hata sokoni, nasimama mlangoni mpaka arudi. Naliweka hili mapema kwa sababu ndilo lililofanya hii habari ya kazi iwe ngumu.

Mume wangu, tumwite Jeremi, ni wa Rutshuru. Aliingia Goma mtoto, akakulia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya mji. Kiingereza chake amekipata kwa masikio, kwa kusimama karibu na wageni waliokuja kambini na kuwafasiria.

Tulikutana kanisani. Mnajua ile mikutano ya injili, mhubiri mgeni anasema sentensi moja, mkalimani anaidaka. Mhubiri akiruka, mkalimani anaruka. Mhubiri akilia, na huyu analia, na leso anatoa.

Jeremi alikuwa mkalimani. Mimi nilikaa nyuma nahesabu makosa yake.

Baada ya ibada nilimfuata nikamwonyesha alipoteleza. Hakukasirika. Aliniangalia tu, akasema, "Basi weye sema, miye nikufwate."

Wakuu, ndivyo ndoa yetu ilivyoanza, na ndivyo kazi yetu ilivyoanza pia.

Tulipanga chumba kikubwa mtaa wa Mapendo, tukafungua darasa la Kiingereza kwa watu wazima. Walikuja madereva wa pikipiki, akina mama wanaouza samaki soko la Kituku kando ya ziwa, vijana wanaotafuta kazi kwenye mashirika ya misaada, na kadiri vita ilivyosogea, watu waliokimbia vijiji vyao na hawakuwa na la kufanya mchana kutwa.

Tulifundisha kama tulivyojua, bega kwa bega. Mimi nasema kwa Kiingereza, Jeremi anaidaka kwa Kiswahili. Nikiinua mkono, anainua. Nikisema "fish" kwa sauti ya kuuza, naye anasema "samaki" kwa sauti hiyo hiyo. Wanafunzi wanarudia zote mbili.

Hakuna aliyetuambia kuna namna nyingine. Goma watu walipenda, chumba kilijaa mpaka dirishani.

Halafu vita iliingia mjini kabisa.

Hapa sitasema mengi, wengine mlifuatilia kwenye habari. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mashirika mengi yakaondoka, na darasa letu likabaki na viti. Aliyekuwa anajifunza Kiingereza ili aajiriwe hakuona tena wa kumwajiri. Wengine hatujui walielekea wapi mpaka leo.

Ndipo nikaanza ankete yangu mtandaoni.

Nikagundua jambo ambalo sikulijua: zipo shule Asia zinazopenda kuajiri mke na mume. Zinawapa nyumba moja, na wanaona wenye ndoa hawahamihami. Mimi nilishangaa sana. Maisha yangu yote nimeona ofisi zinatenganisha watu, huyu apangiwe huku na yule kule. Kumbe duniani kuna mtu anayeamka asubuhi akitafuta watu wawili wanaopendana awape kazi.

Kwa aliyeuliza ule uzi, nikupe machache tuliyojifunza. Sisi si wazungumzaji wa kuzaliwa wa Kiingereza, kwa hiyo tulifanya mtihani wa lugha. Diploma zetu zilitakiwa kutafsiriwa, maana zimeandikwa Kifaransa zikisema tunajua Kiingereza. Na wakala yeyote anayetaka umlipe kwanza, mkimbie. Hayo tu, mengine kila nchi na sheria zake.

Tukapata shule moja Thailand, ya watoto wadogo, mji wa kaskazini. Mkuu wa walimu alikuwa mama Mfilipino, mpole, ana miwani mikubwa. Nitamwita Madam. Alituomba video fupi tukifundisha.

Tukaita majirani wakakaa kwenye viti vyetu, tukafundisha bega kwa bega kama kawaida. Nilivaa kitenge kipya. Nikaiangalia video nikajiambia hapa kazi imekwisha.

Madam akajibu vizuri sana. Alisifu uchangamfu wetu, alisifu hata kitenge. Halafu akauliza swali moja: mwalimu ni yupi?

Tulilisoma mara nyingi. Jeremi akasema, "Anauliza nini huyu mama? Si anatuona wawili?"

Madam akaeleza kwamba kule mwalimu anaingia darasani peke yake, Kiingereza mwanzo mwisho. Kila mmoja wetu angefundisha somo fupi kwa video ya moja kwa moja, na mwenzake asiwepo chumbani.

Goma wakati huo umeme ulikuwa wa kubahatisha na mtandao vilevile. Tukavuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa rafiki yangu Furaha, mwenye nyumba yenye intaneti. Akatupa sebule. Mwenzako akifundisha, wewe unakaa jikoni, mlango umefungwa.

Nikaanza mimi. Nilijiona mtaalamu. Nikainua picha ya samaki mbele ya kamera, nikasema, "This is a fish."

Nikanyamaza.

Wakuu, sikuwa nimesahau lolote. Nilikuwa nasubiri. Mwili wangu ulishazoea kwamba nikimaliza sentensi kuna mtu anaichukua, ndipo napata pumzi ya inayofuata. Nikamwona Madam ananiangalia kwenye kioo. Nikaona macho yangu yamegeukia kulia, pale anaposimamaga Jeremi.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, nzito na ya uhakika: "Huyu ni samaki."

Furaha anasema alijaribu kumziba mdomo akachelewa.

Madam alicheka mpaka akavua miwani. Nikaomba radhi, nikajikaza, nikamaliza somo huku nakanyaga mguu wangu mwenyewe kila nikifika mwisho wa sentensi ili nisisubiri. Halikuwa somo zuri ila lilikuwa somo.

Ikawa zamu ya Jeremi. Mimi nikaenda jikoni, nikaweka ncha ya kitenge mdomoni kabisa.

Hakukuwa na sauti.

Nikatega sikio mlangoni. Nikamsikia anakohoa. Halafu nikasikia kitu cha ajabu: ananong'ona kwa Kiswahili, "Watoto, hamjambo," kisha kwa sauti kubwa, "Children, how are you." Ananong'ona tena, anasema tena. Alikuwa anajipa maneno mwenyewe ili apate cha kudaka.

Nikamsikia Madam akimuuliza kwa upole alikuwa anaongea na nani.

Majibu yakaja baada ya siku chache. Mimi wananitaka. Jeremi hapana, ila akipenda anaweza kujaribu tena kabla mwezi haujaisha, maana nafasi mbili zipo. Asipopita, shule haiwezi kumshughulikia karatasi zake, kwa sababu hatakuwa mfanyakazi wao. Ningeenda mwenyewe.

Jeremi aliposoma hakuonyesha huzuni. Alifunga simu akasema, "Enda, mama. Miye nitakufwata."

Neno lile nilishaambiwa barabarani na mtu ninayempenda. Nikatoka nje nikalia, na nikaamua hapo hapo kwamba siendi popote peke yangu, hata kama tutabaki Goma tunafundisha viti.

(Naona kuna mkuu ameshanitumia PM anaomba jina la shule. Mkuu, subiri nimalize.)

Sasa mimi na maswali yangu. Langu nililielewa: mazoea tu ya kusubiri, na kwenye somo lile lile nilishaanza kuyashinda. Lakini yeye kwa nini hawezi kuanza? Huyu ni mtu anayebishana mpira saa nzima bila kumeza mate. Kiingereza anacho. Aibu hana, amesimama mbele ya maelfu ya watu.

Nilimuuliza tukiwa Kituku. Maji ya bomba yalikuwa hakuna, na watu wa mitaa mingi tulikuwa tunashuka ziwani na madumu ya njano. Asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu, mitumbwi ya samaki inaingia, na tulikuwa tumekaa juu ya madumu yetu.

Nikamwambia, "Sheri," yaani mpenzi, "juu ya nini hauwezi kuanza?"

Akasema, "Sijue. Miye nasemaka ya batu."

Nikamwambia aeleze ni maneno gani hayo ya watu. Akaeleza taratibu, anaangalia maji.

Alianza kufasiri akiwa mvulana kule kambini. Mgeni anakuja na kalamu, anakaa na mama mmoja ndani ya hema, na Jeremi katikati. Na mkalimani, wakuu, hasemi "huyu mama anasema nyumba yake ilichomwa". Anasema, "Nyumba yangu ilichomwa." Anasema mimi. Ndiyo kazi ilivyo.

"Nimekuwaka mama wa watoto bamekufa," akaniambia. "Nimekuwaka muzee, nimekuwaka musichana. Nilisema 'walinichomea nyumba' mara mingi, na kila mara ilikuwa nyumba ya mutu mwingine."

Nikamuuliza, "Na yenu?"

"Yetu hakuna mutu aliniuliza. Sasa miye nikisimama peke yangu, nikifungua mudomo, sijue ni nani atasema. Nangojaka mutu aanze."

Foleni ikasogea tukasimama, tukasukuma madumu.

Miaka yote ile ya ndoa, mimi Ankete mwenyewe, sikuwahi kumuuliza juu ya nyumba yao. Nilijua ilichomwa nikaona inatosha. Nilimhurumia sana, na nikajionea ajabu pia, maana ningeweza kukwambia bei ya mchele Kasese lakini sikujua mume wangu alikulia nyumba ya namna gani.

Sikumpa mawaidha. Nilimwambia tu, "Basi siku ile usitafute somo. Sema ya kwenu."

Akasema Kiingereza cha watoto hakiwezi kubeba mambo yale. Nikamwambia hakuna aliyemtuma abebe mambo yale. Nyumba ina mlango, ina dirisha, ina jiko. Hayo ni maneno ya watoto.

Nyumbani hatukulizungumza tena. Kila nikitoka kwenda sokoni nilichelewa makusudi ili apate nafasi ya kujaribu. Jirani aliniuliza siku moja kama mzee amepatwa na malaria ya kichwa, maana anamsikia anaongea na ukuta.

Mwisho wa mwezi tukavuka tena kwenda Gisenyi. Safari hii Madam alikuwa ameweka watoto wenyewe mbele ya kamera, wamekaa chini kwenye mkeka na sare zao. Nikaingia jikoni kwa Furaha. Sikuweka kitenge mdomoni, nilishika meza tu.

Nikaanza kuomba.

Halafu nikasikia sauti yake, ya kawaida, kama anavyoniita chakula kikiwa tayari.

"This is my house."

Hakunong'ona kwanza. Alikuwa ameanza.

Alikuwa anachora, nilisikia kalamu kwenye karatasi. Akasema nyumba ni ya mbao na udongo, imepakwa chokaa mbele tu kwa sababu chokaa haikutosha kuzunguka. Watoto wakarudia maneno. Akasema hapa ni mti wa parachichi, na hapa chini yake kuna jiwe ambalo dada yake anakalia akisukwa nywele. Nikajua alikuwa na dada wa kusukwa nywele.

Akasema jikoni kuna sungura, mama yake anawafuga chini ya meza, na mmoja mweupe anapenda kulala kwenye kikapu cha maharagwe. Watoto wakapiga kelele za furaha. Wakauliza sungura anaitwa nani, akawatajia jina.

Akasema nyumba ina milango miwili.

Mtoto mmoja wa kike akauliza kwa Kiingereza chake kidogo: kwa nini miwili?

Hapo kalamu ikasimama kwenye karatasi. Mimi kule jikoni nilikuwa na jibu mdomoni, jibu lolote la kumwokoa, mlango mmoja wa wageni mwingine wa kuku. Nilijua nikisema atalidaka. Furaha aliniangalia. Sikusema.

Jeremi akajibu mwenyewe. Alisema wa pili ulitobolewa na baba yake, kwa mkono wake, nyuma ya nyumba. Kuna wageni wakija mbele, sisi tunatokea nyuma, tunakimbia mpaka kwenye migomba.

Watoto wakacheka, wakadhani ni mchezo wa kujificha. Nikasikia na yeye anacheka pamoja nao, kicheko cha kweli. Wakaanza kucheza: akisema mbele wanakaa, akisema nyuma wanakimbia. Nilisikia miguu yao kwenye ule mkeka, huko mbali.

Furaha alinipa kitambaa cha kufutia vyombo nikajifuta uso nacho.

Jibu la Madam lilikuja siku iliyofuata. Alituchukua wote wawili. Aliandika kwamba Kiingereza changu ni bora kuliko cha mume wangu, na nisijisikie vibaya, ila wale watoto walikuwa wanauliza tangu jana mwalimu wa sungura anakuja lini.

Uwanja wa ndege wa kwetu ukiwa umefungwa, tulipitia Kigali. Mama yangu alitusindikiza mpaka mpakani. Nilimuaga vizuri, mchana, kila mtu akijua mwenzake anakwenda wapi.

Sasa wakuu, funzo ni lipi.

Kwa wanaotafuta kazi hizi kama wanandoa: inawezekana, msikatishwe tamaa. Lakini watakuajiri wewe na watamwajiri yeye. Hakuna anayeajiri ndoa. Kila mmoja ajue kusimama bila mwenzake, ndipo mtakaa pamoja. Sisi ilikuwa nusura tutenganishwe kwa sababu tulikuwa tumeshikamana mno, na hilo nalifikiria mpaka leo sijalimaliza.

La pili ni langu. Tuna madarasa mawili, majengo tofauti, uwanja mzima katikati. Simsikii akifundisha. Kwa hiyo jioni tukikutana namuuliza leo umesema nini, na yeye ananisimulia. Kuna siku amewafundisha majina ya matunda, basi. Kuna siku anaanza mwenyewe kabla sijauliza: mama alikuwa anapika hivi, baba alikuwa anakohoa vile akitaka kuingia. Mimi nakaa kimya nasikiliza, na hiyo kwangu ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuomba.

Maswali ya karatasi na mitihani yawekeni hapa chini, nitajibu ninayoyajua. Jina la shule sitoi, nafasi zimejaa.

Ila na mimi nina langu la kuwauliza, hasa mlio kwenye ndoa miaka mingi. Mwenzako alikulia nyumba ya namna gani? Ilikuwa na milango mingapi? Kama hujui, usinijibu mimi. Nenda kamuulize.